Assistive Access mikononi mwa mdogo wangu: tathmini baada ya miezi tisa

Mdogo wangu ana miaka 24, alizaliwa na hali ya Down (Down syndrome), ambayo ni ulemavu unaogusa akili, na kwa muda mrefu sasa ndiye anayeshinda na Mama kwenye genge letu la Mbagala, akipanga nyanya mafungu mafungu na kupokea pesa ambazo Mama huzihesabu mara ya pili. Alikuwa akidai simu tangu binamu zake walipopata zao. Nilipokwenda naye Kariakoo kumtafutia, muuzaji wa duka la kwanza hakumtazama hata mara moja, alinigeukia mimi akasema, "Dada, huyo kitochi kinamtosha." Tulitoka bila kununua kitu, lakini njia nzima nilikuwa nikijiuliza kitochi kingemtosha kwa lipi hasa. Majina kwenye kitochi huandikwa, na mdogo wangu hasomi. Vitufe vyake ni vidogo, na kila jambo limefichwa ndani ya orodha iliyomo ndani ya orodha nyingine. Simu ambayo watu huihesabu kuwa rahisi kwa sababu ni ya bei ndogo, kwake yeye ni ngumu kuliko zote.

Ninachokitathmini hapa ni kitu kingine: Assistive Access, hali maalumu iliyomo ndani ya iPhone na iPad, ambayo Apple waliitangaza Mei 2023 na kuitoa Septemba mwaka huohuo pamoja na toleo la 17 la mfumo endeshi. Haiuzwi peke yake wala haipakuliwi. Imo tayari ndani ya simu yoyote inayokubali toleo hilo, yaani kuanzia iPhone XS na XR za mwaka 2018. Sisi tulinunua XR iliyokwisha kutumika, katika duka jingine, kwa mchango wa watu watatu wa familia. Nikitakiwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano kwa yale ambayo waundaji wake waliyafikiria, na mbili kwa yale ambayo hayakuwafikia, na sioni sababu ya kuzichanganya alama hizo ili zitoe tatu, kwa kuwa zinapima mambo mawili tofauti kabisa.

Mtu anayeijua iPhone akiikuta katika hali hii huenda akadhani imeharibika. Zile alama ndogondogo zilizojazana kwenye kioo zimetoweka, na mahali pake pana vitufe vikubwa vichache, kila kimoja na picha yake na jina lake, kwa idadi na mpangilio uliochaguliwa wakati wa kuiandaa. Simu ya sauti na simu ya video zimeunganishwa zikawa kitu kimoja, na ukiingia humo unakutana na sura za watu: Mama, mimi, shangazi wa Tandika, jirani anayetuletea maji kwa mkokoteni. Kamera imeondolewa mapambo yote. Inakupa kuchagua kama unataka picha au video, ya kwako mwenyewe au ya kilicho mbele yako, basi. Ujumbe unaweza kuandikwa kwa herufi, kwa emoji peke yake, au mtu akajirekodi video na kuituma. Na chini ya kila ukurasa, popote ulipo, kipo kitufe kipana cha kurudi nyuma ambacho hakihami.

Kitufe hicho nataka nikizungumzie kwa kirefu kidogo, maana ndicho kilichonishawishi kwamba waliokaa kuitengeneza hali hii hawakuwa wahandisi peke yao. Tangu mwaka 2017, ilipotoka iPhone X, kile kitufe cha duara kilichokuwa chini ya kioo kilianza kuondolewa, na mtu anayetaka kutoka ndani ya programu hana budi kutelezesha kidole kutoka chini kwenda juu. Ni ishara isiyoandikwa mahali popote. Ama unaikumbuka, ama umekwama. Sisi wengine tuliizoea kwa wiki moja tukasahau kwamba tuliwahi kujifunza. Kwa mtu ambaye kukumbuka mambo yasiyoonekana ndiyo sehemu nzito ya maisha yake, ishara hiyo ni sawa na kumwambia aingie chumba kisicho na kitasa upande wa ndani. Siku ya kwanza mdogo wangu alipopewa simu ikiwa katika Assistive Access, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya genge, akaingia kwenye picha, akarudi, akaingia kwenye muziki, akarudi, akaingia kwenye kamera, akarudi, pengine mara thelathini, bila kupiga picha wala kusikiliza wimbo hata mmoja. Mama alidhani anachezea. Mimi niliona mtu anayehakikisha kwamba kila mlango unaomruhusu kuingia utamruhusu pia kutoka.

Apple walieleza kwamba hali hii ilijengwa juu ya maoni ya watu wenye ulemavu unaogusa akili na ufahamu, pamoja na wasaidizi wanaowaamini, na kwamba walijikita katika mambo wanayoyapenda watu hao: kuzungumza na wapendwa wao, kupiga na kutazama picha, na kusikiliza muziki. Kila kampuni siku hizi husema imesikiliza watumiaji, kwa hiyo maneno yenyewe hayakunigusa sana. Kilichonigusa ni orodha. Laiti ningeulizwa mimi, dada mtu, ningeanza na ramani ya kunionyesha alipo, kisha kengele ya kumkumbusha dawa, kisha kizuizi cha namba za matapeli, na muziki ningeukumbuka mwishoni kabisa kama ningeukumbuka. Mlezi huulizwa akaeleza hofu zake, nazo ni hofu za kweli. Lakini mwenye ulemavu mwenyewe akiulizwa, husema anachokitaka. Kitu kilichotengenezwa kwa hofu za walezi peke yake huishia kuwa kamba ya kumfungia mtu, hata kikipewa jina la simu janja.

Tofauti hiyo huonekana zaidi ukilinganisha na zile hali rahisi zilizopo kwenye simu nyingine. Samsung, kwa mfano, wana hali yao inayokuza alama na herufi, inayoongeza muda ambao kidole kinatakiwa kukaa kwenye kioo kabla simu haijakitafsiri kuwa amri, na inayoipa kibodi rangi zinazotofautiana wazi. Ni msaada mkubwa kwa bibi yetu ambaye macho yamechoka. Hata hivyo inakuza tu, haipunguzi. Idadi ya mambo ya kuamua inabaki ileile, ila sasa yameandikwa kwa herufi kubwa. Anayeshindwa kuona na anayeshindwa kubeba mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja hawana shida moja, ingawa mtaani kwetu wote huishia kuambiwa watafutiwe "simu ya wazee".

Katika kuiandaa, simu huuliza kama vitufe vipangwe kwa safu, kimoja chini ya kingine, au kwa miraba mikubwa, viwili viwili. Mimi nilikuwa na hakika kwamba miraba ndiyo itakayomfaa, kwa kuwa picha zake ni kubwa na yeye hasomi. Nikamuuliza, "Unaipenda hii?" Akasema ndiyo. Nikabadilisha nikamuuliza, "Na hii?" Akasema ndiyo. Ningemwonyesha simu iliyozimwa angesema ndiyo vilevile. Watafiti wa ulemavu wa akili wamelifahamu jambo hili kwa miongo mingi: mtu aliyezoea kuamuliwa kila kitu hujifunza kwamba ndiyo ndilo jibu linalowafurahisha wakubwa, na swali la ndiyo au hapana halimwambii muulizaji lolote. Kwa hiyo niliacha kuuliza. Niliazima simu ya rafiki yangu kwa siku moja, nikaiweka katika mpangilio wa safu na ya kwetu katika miraba, nikaziacha zote mbili juu ya meza ya genge nikaenda kumenya viazi. Alichukua ya safu. Nilipokwenda kubadilishana alikataa kuiachia, na jioni alipoulizwa na shangazi kwa nini, alijibu, "Imepanga foleni." Kumbe kwenye miraba alikuwa hajui aanze kutazama wapi, kwenye safu anaanza juu anashuka, kama tunavyopanda daladala pale mtu anaposimamia foleni.

Ninalisimulia hili kwa sababu ndilo tatizo lenyewe la kushirikisha watu wenye ulemavu wa akili katika kubuni teknolojia, na si la nyumbani kwetu tu. Kumwita mtu kwenye mkutano, kumpa soda, kumwonyesha kitu kilichokwisha kutengenezwa na kumuuliza kama kinafaa, kisha kupiga picha ya pamoja, hakuhesabiki kuwa ushirikishwaji. Ushirikishwaji unadai vitu viwili halisi vya kuchagua badala ya maswali. Unadai muda, maana jibu la kweli linaweza kuja siku ya tatu. Unadai msaidizi anayejizuia kujibu kwa niaba, jambo ambalo mimi binafsi nimeshindwa mara nyingi. Unadai ridhaa inayoombwa upya kila siku kwa maneno mafupi na picha. Na unadai malipo, kwa sababu mbunifu wa pembeni yake analipwa. Mwaka 2021 taasisi ya W3C, inayoweka viwango vya mtandao duniani, ilichapisha mwongozo wa kuyafanya maudhui yatumike na watu wenye ulemavu wa utambuzi na wa kujifunza, na ndani yake mna mengi ambayo Assistive Access inayatimiza: mtu ajue kila kitu ni nini, asilazimishwe kukumbuka, makosa yazuiwe kabla hayajatokea. Mwongozo huo ni ushauri tu, haumlazimishi yeyote.

Faida kubwa kuliko zote tuliyoipata imetokana na kile kibodi cha emoji. Mimi nafanya kazi mjini na kurudi usiku, na zamani kujua hali ya genge ilikuwa mpaka Mama apate nafasi ya kupiga. Sasa mdogo wangu huniandikia. Nyanya tatu na uso unaolia maana yake nyanya zimeoza au zimebaki nyingi. Jua na kuku maana yake mwenye banda la chipsi wa jirani amefungua mapema. Mara moja alinitumia mvua, mvua, mvua, kisha mwavuli, kisha ndoo, nikajua turubai limevuja palepale pa mwaka jana. Hakuna aliyemfundisha lugha hiyo, na sidhani kama kuna mhandisi aliyeipanga. Walichofanya ni kumwachia nafasi, wakamwondolea herufi zilizokuwa zikimkumbusha kila siku jambo asiloliweza.

Nageukia nyota mbili.

Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za kuonyesha kwenye iPhone. Simu za Android zinacho kwa miaka mingi. Kwa mdogo wangu mwenyewe kasoro hii si kubwa kama ungedhani, kwa sababu halisomi neno lililo kwenye kitufe cha kurudi, analijua kwa mahali lilipo. Kubwa ni kwa Mama. Hali hii yote imejengwa juu ya dhana ya msaidizi anayeaminiwa, atakayeingia kwenye mipangilio, achague programu, aweke picha, aamue nani anaruhusiwa kupiga. Msaidizi wa mdogo wangu, kwa saa kumi na mbili za kila siku, ni mama wa Mbagala aliyeishia darasa la saba na ambaye Kiingereza chake kinakomea kwenye bei. Maelekezo hayo hawezi kuyafuata, kwa hiyo msaidizi kwa vitendo ni mimi, na nisipokuwepo simu inabaki kama nilivyoiacha. Siri, yaani msaidizi wa sauti aliyemo ndani ya iPhone, naye hazungumzi Kiswahili, achilia mbali Kiswahili cha mdogo wangu anayemeza silabi ya mwisho ya karibu kila neno, ingawa wateja wa genge humwelewa baada ya siku mbili tatu. Najua lawezekana, kwa sababu mwaka 2019 Chama cha Down cha Kanada kiliungana na Google kukusanya sauti za watu wenye hali hiyo, wao wenyewe wakisoma sentensi ili mashine ijifunze matamshi yao. Hapo wenye ulemavu ndio waliokuwa walimu. Sauti kama ya mdogo wangu zipo tele Tanga, Mombasa na Bukavu, na hazina gharama ya kuzitafuta mbali.

Jambo la WhatsApp linaeleza vizuri zaidi kuliko lolote ni nani walikuwepo mezani na nani hawakuwepo. Programu iliyorahisishwa kwa ajili ya mawasiliano ni ile ya ujumbe iliyokuja na simu. Programu nyingine unaweza kuziongeza, lakini ile ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya hali hii hufunguka kwa sura yake ya kawaida, na msaada pekee unaoongezewa ni kile kitufe cha kurudi chini yake. Marekani ujumbe wa kawaida huenda unatosha. Kwetu ukoo mzima uko WhatsApp: vikao vya harusi, picha za watoto, sauti za shangazi zenye dakika saba. Mdogo wangu amepewa mlango mzuri sana wa kuingilia nyumba ambayo ndugu zake wameshahama. Simlaumu aliyeshirikishwa kwa kutoijua nyumba yetu. Alieleza maisha yake, na ndivyo alivyotakiwa. Ila watu wenye ulemavu wa akili si kabila moja lenye mahitaji yaleyale kila mahali, na ukiwauliza wa nchi moja umepata majibu ya nchi moja.

Toleo la 26 la mfumo endeshi, lililotoka Septemba 2025, limeongeza Apple TV iliyorahisishwa na, muhimu zaidi, limewapa watengenezaji wa programu njia ya kuzifanya programu zao zionekane vizuri ndani ya hali hii. Huenda siku moja benki au kampuni ya simu ya hapa nchini ikaitumia. Lakini toleo hilo linaanzia iPhone 11, na simu za mfano wetu zimeachwa. Anayenunua simu iliyokwisha kutumika, ambaye ndiye mnunuzi wa kawaida huku, azingatie hilo kabla ya kutoa pesa.

Limebaki suala la namba ya siri. Ili kutoka kwenye Assistive Access, kitufe cha pembeni hubonyezwa mara tatu, kisha hutakiwa namba ambayo iliwekwa na aliyeiandaa simu. Kwa muundo huu mtumiaji hawezi kujiongezea wala kujipunguzia kitu. Nauelewa ulinzi wake, na bado haujanikaa sawa. Mwezi wa pili mdogo wangu aliniuliza, "Dada, simu yangu au yako?" Sikuwa na jibu zuri. Ningependa pawepo ngazi za kati, ambapo mtu angeweza kuomba kitu ndani ya simu yenyewe na msaidizi akaidhinisha, au kujipangia mwenyewe yasiyo na hatari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka serikali katika ibara ya 4 zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu katika maamuzi yanayowahusu. Unazitaka serikali; kampuni ya simu haikuusaini. Mimi pia sikuusaini, lakini namba ya siri ninayo.

Tulichokifanya nyumbani ni kuweka Jumapili. Baada ya kutoka kanisani tunakaa naye, ninaitoa simu kwenye hali hiyo mbele ya macho yake, namwonyesha programu mbili mbili, naye anaondoa na kuongeza. Jumapili ya kwanza aliongeza kikokotoo, nikabisha kwamba hakimhusu. Siku iliyofuata Mama akanieleza kwamba anawapa wateja wajibonyezee hesabu yao wenyewe, kisha anamletea Mama kioo alinganishe.

Jumapili iliyopita aliomba saa. Nilikuwa nimeizima kwenye ukurasa wa kufungulia simu, kwa kuwa mipangilio inaruhusu na kwa kuwa hasomi saa, nikaona ni namba nyingine ya kumchosha bure. Akanieleza kwa kuonyesha mkono wake usio na saa, kisha barabara, kisha simu: watu wanaosubiri daladala mbele ya genge humuuliza saa ngapi, na yeye anataka kuwanyanyulia simu wajisomee. Nimeirudisha.